Shetani wa Saa Sita: Juu ya Roho Isiyotulia

Katika katekismu sisi wote tulijifunza vilema vikubwa saba, na cha mwisho katika hesabu, kadiri ya desturi, ni uvivu. Mwalimu anapofika hapo watoto wanacheka, maana kila mmoja anamfikiri jirani fulani, mtu anayelala chini ya mwembe wakati wenzake wako shambani, na anayeamka chakula kinapokuwa tayari. Fundisho linapita upesi. Nani katika seminari, tena nani kati ya mapadri wanaoamka mbele ya jua kutoka, atajiona katika picha hiyo?

Lakini neno ambalo watu wa Mungu wa zamani walilitumia halikuwa uvivu. Lilikuwa neno la Kigriki, akedia, na maana yake ni karibu hivi: kutojali, roho kuacha kutunza kitu ilichokabidhiwa. Na walipoeleza dalili za akedia, mtu wa kwanza waliyemwonyesha si yule anayelala. Ni yule asiyeweza kukaa. Anasimama, anatoka, anapima jua kwa macho, anafikiri mahali pengine, anaanza kazi mpya mbele ya kumaliza ya zamani, anakwenda kutembelea watu, anaandika barua ya kuomba ahamishwe. Mtu wa namna hiyo sisi mara nyingi tunamsifu kuwa mwenye bidii. Watawa wa jangwani walimhesabu kuwa mgonjwa.

Juu ya ugonjwa huo tunataka kuandika hapa. Tunauona unaharibu miito mizuri katika seminari zetu na kazi nzuri katika paroki zetu, na unaiharibu kwa namna ya ajabu: mtu mwenyewe anavunja kwa mikono yake kile alichokijenga, na kila mara anapokivunja anafikiri kwamba anajiokoa.

MWALIMU WA JANGWANI

Aliyeueleza ugonjwa huo vizuri kuliko wote ni Evagrius. Alizaliwa karibu mwaka 345 katika Ponto, nchi ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Alikuwa mtu wa akili nyingi. Mtakatifu Gregorio wa Nazianzo alimpa ushemasi, na huko Konstantinopoli akapata sifa kubwa kwa kubishana na wazushi. Pale akampenda mke wa mtu mwenye cheo. Alipoona hatari akakimbilia Yerusalemu. Lakini huko nako akaanza tena kupenda mavazi mazuri na sifa za watu, mpaka akashikwa na homa ya miezi karibu sita ambayo waganga hawakuweza kuiondoa. Mama Melania, aliyekuwa na monasteri pale, alifahamu kwamba kuna jambo ndani, akamwomba afungue moyo wake. Evagrius akafungua, akaahidi kuwa mtawa, akapona. Karibu mwaka 383 akaenda Misri. Alikaa miaka miwili Nitria, kisha akaingia mahali panapoitwa Kellia, maana yake Vyumba, na hakuondoka tena mpaka kufa mwaka 399. Kazi ya mikono yake ilikuwa kunakili vitabu.

Waseminari wanaosoma historia ya Eklezya watakumbuka kwamba mafundisho yake mengine, yale yaliyofuata mawazo ya Origenes, yalihukumiwa katika karne ya 6. Ni kweli, na hatuyatetei. Lakini yale aliyoyaandika juu ya vita vya roho, Eklezya iliyapokea na kuyatunza. Yohane Cassianus aliyapeleka kwa Walatini bila kulitaja jina la Evagrius hata mara moja, na kwa njia hiyo yakafika kwa Mtakatifu Benedikto, na kutoka kwake kwetu.

Evagrius alihesabu mawazo mabaya manane: ulafi, uzinzi, kupenda mali, huzuni, hasira, akedia, kutaka sifa, na kiburi. Juu ya akedia alisema kwamba ndiyo nzito kuliko yote. Akaiita pia shetani wa saa sita, kwa kufuata Zaburi ya 90 (katika Biblia nyingi ni ya 91), ambapo mwimbaji anataja uharibifu unaokuja wakati wa adhuhuri.

SAA NNE HADI SAA NANE

Wazungu wanapotafsiri maneno ya Evagrius juu ya jambo hili, wanalazimika kuongeza maelezo juu ya saa, kwa sababu saa zao si saa za wazee wale. Sisi hatuna haja ya kugeuza kitu. Evagrius anahesabu tangu jua linapotoka, kama mama zetu wanavyohesabu. Anasema shetani huyo anakuja saa nne, anamzunguka mtawa mpaka saa nane. Ye yote aliyekaa darasani katika nchi ya joto anazijua saa hizo.

Tuangalie namna anavyofanya kazi, hatua kwa hatua, maana hapo ndipo penye siri.

Kwanza, jua linaonekana kama limesimama. Siku inakuwa ndefu kama ya saa hamsini. Mtawa anatazama dirishani, anatoka nje, anapima jua kama saa tisa iko karibu, maana saa tisa ndiyo saa ya kula. Anaangalia huku na huku kama kuna ndugu anayekuja kumtembelea. Mpaka hapa hakuna neno kubwa, amechoka tu. Kisha anaanza kuchukia mahali anapokaa, halafu maisha yenyewe, halafu kazi ya mikono. Kisha wazo linamjia kwamba mapendo yamekwisha kati ya ndugu, hakuna wa kumfariji. Kama siku hizo kuna mtu aliyemkosea, shetani analichukua kosa hilo na kuliongeza juu ya mzigo. Sasa anaanza kuona mahali pengine: kule chakula kinapatikana bila taabu, kazi ni nyepesi, watu ni wema. Na mwishoni kabisa wazo linakuja likiwa limevaa mavazi ya teolojia: kumpendeza Mungu hakufungwi na mahali, Mungu anaabudiwa po pote. Hilo ni kweli kabisa! Yezu mwenyewe alimfundisha mwanamke Msamaria jambo hilo kisimani. Shetani wa saa sita hana haja ya kusema uongo. Anachukua ukweli, anauweka mahali pasipoufaa. Anaongeza ukumbusho wa jamaa na maisha ya zamani, na picha ya miaka mingi ya taabu iliyo mbele. Mtawa anafunga mzigo wake.

Hebu tutazame mfuatano huo tena. Kuchoka kulitangulia. Chuki ya mahali ikafuata. Sababu zilikuja nyuma, moja baada ya moja, kama mashahidi walioitwa baada ya hukumu kukatwa. Hapa Evagrius anatufundisha jambo ambalo wakubwa wengi wa seminari na maparoko wengi hawajalishika. Mtu mwenye roho isiyotulia anapoleta malalamiko, wanajaribu kuyajibu: anabadilishiwa chumba, kisha kazi, kisha paroki. Kila jibu linafaa kwa wiki chache. Hatusemi kwamba malalamiko yake ni ya uongo. Pengine paroko wake ni mkali kweli, pengine chakula ni kibaya kweli. Tunasema kwamba hayo siyo yaliyomwondoa. Kama yasingalikuwapo, angalipata mengine.

Katika kitabu kingine kidogo, juu ya roho nane za uovu, Evagrius anamchora mtawa huyo akisoma. Waseminari watasamehe tukiwaambia kwamba picha hiyo ina zaidi ya miaka 1600. Anapiga miayo, anasugua macho, anaacha kitabu na kutazama ukuta, anarudi kusoma kidogo, anafungua mbele kuona fundisho linaishia wapi, anahesabu kurasa, anaulaumu mwandiko na mapambo ya kitabu. Mwishoni anakifunga, anakiweka chini ya kichwa na kulala usingizi usio mzito, kwa sababu njaa inamwamsha. Anaandika pia kwamba mtu huyo anapenda sana kutembelea wagonjwa, lakini kwa kweli anatimiza haja yake mwenyewe. Neno hilo ni kali. Kutembelea wagonjwa ni tendo la huruma. Lakini mgonjwa anajua vema nani amekuja kwa ajili yake, na nani amekuja kwa sababu hawezi kukaa nyumbani.

KWA NINI ANAJIHARIBU MWENYEWE

Sasa tuulize: kama mtu anateseka mahali, kwa nini kuondoka kusimponye? Jibu liko katika habari ambayo Cassianus aliandika juu yake mwenyewe, katika kitabu cha 10 cha Institutiones, kinachosema juu ya akedia. Alipokuwa mgeni katika jangwa la Misri, alimwendea Abba Musa akamweleza kwamba jana yake akedia ilimshika vibaya sana, na hakupata nafuu mpaka alipokimbilia kwa Abba Paulo kumtembelea. Tungalidhani mzee atamsifu: je, si vema kwenda kwa mtu mtakatifu? Abba Musa akamjibu kwamba hakujiweka huru hata kidogo. Alijitoa zaidi awe mtumwa wa adui huyo. Tangu sasa, alisema, adui atampiga kwa nguvu kubwa zaidi, kwa sababu ameona kwamba huyu ni askari anayekimbia.

Ndugu wasomaji, tukae kidogo juu ya jibu hilo, kwa maana ndilo kiini cha mambo yote. Cassianus alipata nafuu kweli. Na nafuu hiyo ndiyo ilikuwa hatari. Wataalamu wa saikolojia wa siku zetu wanasema jambo hilo hilo kwa maneno mengine: tendo linaloondoa uchungu mara moja, roho inajifunza kulirudia. Mtu anayeogopa mtihani akaacha kwenda, anasikia amani jioni ile. Lakini mtihani unaofuata utamtisha zaidi, na kuacha kutakuwa rahisi zaidi. Hakuna aliyemlazimisha. Amefundishwa na nafuu yake mwenyewe. Mara ya kwanza alihitaji sababu kubwa ili aondoke; mara ya tano sababu ndogo inatosha; mara ya kumi anaondoka bila sababu, na watu wanasema: ndivyo alivyo. Kumbe hakuzaliwa hivyo. Ni njia iliyokanyagwa mara nyingi mpaka majani hayaoti tena.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani upesi. Saa sita si mwanzo wa siku wala mwisho wake. Ni katikati. Asubuhi kila kazi ina utamu wa upya. Jioni mtu anaona mwisho, anapata nguvu. Katikati hakuna upya na hakuna matunda. Ndiyo maana mseminari wa mwaka wa kwanza anaimba, na yule anayengoja ushemasi anahesabu siku kwa furaha, lakini wale walio katikati ya filozofia wanatazama dirishani. Ndiyo maana katika vijiji vyetu tunaona makanisa madogo ambayo kuta zake zimefika kwenye madirisha na majani yanaota ndani, na pembeni yake msingi mpya wa kitu kingine. Mara nyingine mafranga yalikosekana, hilo tunalijua. Lakini mara nyingine mafranga yalikuwapo, na aliyeanza alikuwa amekwisha kupenda kazi nyingine.

Mama Syncletica, mtawa wa Misri ambaye mashauri yake yametunzwa pamoja na yale ya wazee wa jangwani, alitumia mfano wa ndege anayeacha mayai yake: mtawa anayehama hama anapoa katika imani, kama mayai yanavyopoa. Mfano huo kwetu hauhitaji maelezo. Kuku anakalia mayai siku 21. Akiondoka siku ya 12 na kwenda kutaga kwingine, hatuna vifaranga. Na mayai yale hayafai tena hata kuliwa. Angaliacha tangu siku ya kwanza, mama wa nyumba angaliyapika. Basi mtu anayeondoka kila mara katikati hapotezi matunda tu. Anapoteza na kile alichokitia. Baada ya miaka mingi anatazama nyuma, haoni kifaranga hata kimoja, na anakata shauri kwamba Mungu hakumpa kipaji cho chote, ao kwamba watu wote aliokaa nao walikuwa wabaya. Hajui kwamba hajapata kamwe kukaa mpaka siku ya 21. Wazee wa Waswahili wanasema mchagua jembe si mkulima. Nasi tunamhurumia mchagua jembe, kwa sababu yeye mwenyewe anaamini kwa moyo wote kwamba jembe ndilo lililomshinda.

Mtakatifu Benedikto, katika sura ya kwanza ya Kanuni yake, anataja aina nne za watawa, na mmoja wapo ni wale wanaozunguka maisha yao yote kutoka monasteri hii kwenda nyingine, wakikaa siku tatu ao nne kama wageni. Anawaona ni wabaya kuliko hata wale wasio na kanuni. Ndiyo maana watawa wake wanaahidi kukaa na kudumu katika jumuiya yao. Sisi mapadri wa jimbo hatutoi ahadi hiyo, tena askofu anaweza kutuhamisha kesho. Lakini kuhamishwa si kuhama. Padri aliyetumwa mara sita anaweza kuwa ametulia kuliko yule aliyekaa mahali pamoja miaka ishirini, kila siku akifikiri mahali pengine.

PADRI MWENYE KAZI NYINGI

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, katika Summa, sehemu ya pili ya pili, swali la 35, anasema akedia ni huzuni juu ya wema wa Mungu: kile ambacho kingalipasa kutufurahisha kinatuwia mzigo. Akihesabu watoto wa kilema hicho, anataja kati yao kutanga-tanga kwa akili. Na humo anaweka udadisi, maneno mengi, mwili usiotulia, na kubadili-badili makao ao shauri. Tena anasema, jambo linaloshangaza, kwamba akedia ni kinyume cha amri ya tatu, kwa sababu amri hiyo inatutaka roho itulie katika Mungu. Basi kadiri ya Tomaso, anayevunja sabato ya roho si mvivu peke yake. Ni pia yule anayekimbia mchana kutwa, kwa sababu akisimama atakutana na huzuni yake.

Hapa tunafikiri hasa mapadri wenzetu. Asubuhi tofali, saa nne mkutano, saa sita pikipiki kwenda mjini juu ya mradi wa nguruwe, jioni kamati; breviari inasomwa usiku kwa macho nusu, na meditasio tangu zamani imesahauliwa. Waamini wanasema padri wetu hachoki. Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake Evangelii Gaudium ya mwaka 2013, alionya juu ya akedia ya watumishi wa Injili, na alieleza kwamba shida si siku zote wingi wa kazi, ila hasa kazi zinazofanywa vibaya, bila sababu ya ndani na bila roho inayozipa utamu. Tukiri pia kwamba dirisha la mtawa wa Kellia limekuwa dogo siku hizi: linaingia mfukoni. Yule wa zamani ilimpasa asimame na kutoka nje ili aone kama kuna mgeni anayekuja. Sisi tunavuta telefone, mara thelathini katika somo moja, na kila mara tunatoka chumbani bila kuinuka kitini.

SI KILA KUONDOKA NI KUKIMBIA

Ingekuwa vibaya msomaji akichukua maneno haya na kumfunga nayo ndugu yake. Evagrius mwenyewe alikimbia Konstantinopoli, na alifanya vema; angalibaki, angalipotea. Nafasi ya dhambi inakimbiwa. Mseminari ambaye kwa utulivu, baada ya sala na mashauri ya miezi mingi pamoja na baba wa roho, anaona kwamba Mungu anamwita katika ndoa, si askari mtoro, wala asiitwe hivyo katika mahubiri ao mezani. Alama ni hii: anayeitwa kwingine anakwenda kwa kitu anachokijua na kukipenda, asiyetulia anajua tu kile anachokichukia. Wa kwanza anaweza kungoja mwaka mmoja. Wa pili anataka jibu leo.

Tena kuna mahangaiko yasiyo kilema hata kidogo. Katika mashariki ya Kongo, tangu vita vya mwaka 1996, tumepokea katika seminari vijana waliotoroka usiku na mama zao, walioona mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Kijana wa namna hiyo akiruka kwa kila kishindo, asipolala, asipoweza kukaa darasani, asifundishwe juu ya akedia. Atafutiwe munganga na mtu mwenye ujuzi wa kumsikiliza. Vivyo hivyo yule ambaye kwa majuma mengi hana hamu ya chakula, analala vibaya, haoni furaha katika kitu cho chote na anaanza kusema kwamba afadhali afe: huo ni ugonjwa, unatibiwa, na anayemwambia asali zaidi tu anamwacha peke yake. Sala na munganga havipigani.

DAWA ZA WAZEE

Kwa huyu wetu, mwenye afya lakini asiyetulia, wazee waliacha dawa, na hakuna hata moja iliyo ya ajabu.

Ya kwanza ni kutokata shauri saa sita. Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliiweka katika Mazoezi ya Roho: wakati wa ukavu na giza, tusibadili lo lote katika yale tuliyoazimia wakati wa nuru. Barua ya kuomba kuhamishwa iandikwe, kama ni lazima. Lakini iwekwe ndani ya kitabu, isomwe tena asubuhi baada ya Misa, kwa siku kadha. Tumeona barua nyingi zilizokufa ndani ya vitabu namna hiyo.

Ya pili ni kazi ndogo ya mikono. Mtakatifu Antoni, alipokuwa katika akedia, alimwona mtu aliyefanana naye, ameketi anasuka kamba, kisha anaondoka kusali, kisha anaketi tena kusuka; akafahamu kwamba ni malaika aliyetumwa kumfundisha. Na yule Abba Paulo ambaye Cassianus anamsifu mwisho wa kitabu cha 10 alikaa mbali sana na miji, safari ya siku saba na zaidi, hata bei ya kusafirisha vikapu ilizidi bei ya kuviuza. Hakuwa na haja ya kazi, maana tende na bustani yake vilimtosha. Hata hivyo kila siku alikusanya majani ya mitende na kujipimia kazi, na pango lake lilipojaa kazi ya mwaka mzima, aliichoma yote kwa moto na kuanza tena. Tulipoisikia mara ya kwanza katika seminari kubwa, wenzetu walicheka: kazi gani hiyo ya bure? Lakini Cassianus anaeleza kwamba mzee hakusuka ili apate vikapu. Alisuka ili apate kukaa. Mseminari anayelima kitalu chake cha mboga kila siku saa kumi, mvua ao jua, hajui bado kile anachojifunza pale.

Ya tatu tunaipata tena kwa Evagrius: mtu aigawe roho yake sehemu mbili, moja ilie na nyingine iifariji, kama mwimbaji wa zaburi anayeiuliza roho yake kwa nini inahuzunika. Maana yake asijifanye hana uchungu. Na mwalimu wake, Makario, alimfundisha kwamba mtawa aiweke roho yake tayari kana kwamba atakufa kesho, lakini autumie mwili wake kana kwamba atakaa nao miaka mingi. Hapo shetani wa saa sita anapotezewa picha yake ya miaka mirefu ya taabu. Kuna leo tu. Na mwili nao haupigwi kwa pupa ya wiki moja, maana pupa kubwa ya Jumatatu ndiyo mama wa kuchoka kwa Alhamisi.

Ya mwisho ndiyo iliyomponya Evagrius kitandani Yerusalemu: kusema. Asiyetulia anapenda kumwambia kila mtu juu ya paroko wake, juu ya chakula, juu ya jimbo. Juu ya ile saa yenyewe, kuanzia saa nne, jinsi inavyomshika na jinsi anavyoikimbia, hamwambii mtu. Baba wa roho amwulize hasa hiyo: inaanza wapi, ulifanya nini mara ya mwisho, na nafuu ilidumu siku ngapi? Hesabu ya siku hizo, ikiandikwa kwa uaminifu, inafundisha kuliko mawaidha yetu mengi.

Walimu-katekista wameuliza kama basi ibadilishwe hesabu ya vilema saba, uvivu uondolewe na neno jingine liwekwe. Kwetu tunaona hakuna haja. Watoto wamelizoea, na Eklezya yenyewe inalitumia. Ila mwalimu akifika kwa kile cha saba, awaache kwanza wacheke juu ya mtu wa chini ya mwembe. Halafu awaulize juu ya mtu mwenye mashamba matatu, yote yamelimwa nusu, anayepita njiani asubuhi na mapema, velo yake imefungwa mizigo, anakwenda kutafuta la nne.